"Nionyeshe": Hotuba kwa Wauguzi wa Busia

Hotuba hii ilitolewa mjini Busia, upande wa Uganda, mbele ya wauguzi, wakunga, wanafunzi wa uuguzi na wahudumu wa afya wa vijiji. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu.

Hamjambo wote?

Hiyo "hatujambo" ni ya watu waliotoka zamu ya usiku. Nawasamehe.

Wazee wangu, masista, mabraza, wakunga, wanangu wanafunzi, na ninyi ma-VHT, wahudumu wetu wa afya wa vijiji, mliokuja kwa baiskeli tangu alfajiri, asanteni. Nimeombwa nizungumze Kiswahili kwa sababu humu ndani tuna Wasamia, Wateso, Wagwere, Wanubi, na wengine wamevuka mpaka asubuhi hii kutoka upande wa Kenya. Kiluganda kingewaacha nusu yenu, Kisamia kingewaacha robo tatu. Kiswahili changu ni cha sokoni na wodini. Mkisikia kimeteleza, kishikeni mkono.

Nimepewa nizungumzie dawa za tumbo, za lishe na za kifua. Kitabu kinazipa sura tatu. Mgonjwa hana habari na sura. Anakuja mtoto mmoja anaharisha, amekonda na anakohoa, na mama yake amebeba hayo yote matatu katika leso moja mgongoni. Kwa hiyo msinitegemee nifuate mpangilio wa kitabu. Nitaanza na kifua, kwa sababu hapo ndipo nilipoaibika.

Nilikuwa muuguzi kijana, katika kituo ambacho sitakitaja. Aliletwa mtoto wa miaka tisa mwenye pumu, ameletwa na kukhu, bibi yake, mkulima wa mihogo. Akaandikiwa salbutamoli ya kuvuta. Siku ile foleni ilikuwa imetoka mlangoni mpaka mwembeni. Nikampa kukhu ile inhela, nikamwambia: "Kukhu, hii ni dawa ya kifua. Akibanwa, mpulizie mara mbili." Akanishukuru kwa mikono miwili. Mimi nikaita, "Anayefuata!"

Siku ya nne walirudi usiku kwa boda boda, mtoto anavuta hewa kwa mbavu, midomo imebadilika rangi. Tukiwa tunamhangaikia, mwenzangu akamuuliza bibi kama dawa ilitumika. "Nimempa kila alipobanwa," akasema, na alikuwa analia. Mwenzangu akamwambia, "Kukhu, nionyeshe." Basi bibi akamfungua mjukuu vifungo vya shati, akaitikisa ile inhela vizuri kabisa, akampulizia kifuani. Juu ya ngozi. Mara moja kulia, mara moja kushoto.

Niambieni, kukhu alikosea wapi? Nilisema dawa ya kifua, akaipeleka kifuani. Nilisema mara mbili, akapuliza mara mbili. Alitii agizo kuliko wengi wetu tunavyotii maagizo ya daktari. Mtoto alipata nafuu usiku uleule. Mimi ndiye niliyebaki na kidonda.

Tangu siku hiyo nina neno moja, na ndilo nililowaletea leo. Nionyeshe. Si "umeelewa?" Ukimuuliza mgonjwa "umeelewa?" atasema ndiyo. Atasema ndiyo hata kama umezungumza Kichina, kwa sababu amelelewa vizuri, wewe umevaa sare, na boda yake inamsubiri nje. Mwambie: nionyeshe.

Na sasa ninyi. Nina inhela tupu hapa. Nani atanionyesha? Njoo, binti. Haya... asante, lakini hukutikisa. Wewe braza wa nyuma? Umetikisa, umebonyeza, lakini kifua kilikuwa tayari kimejaa hewa. Dawa ingeingia wapi? Sista? Umebonyeza kwanza, ukavuta baadaye. Ile dawa imegonga ulimi na koo, sasa inaelekea tumboni. Watatu wamejitokeza, watatu wamekosea, na wote wana cheti. Msicheke, mimi mwenyewe nilifundishwa mara mbili.

Tikisa. Toa hewa yote, polepole. Zungushia midomo vizuri, anza kuvuta taratibu, na unapoanza kuvuta ndipo unabonyeza. Endelea kuvuta mpaka mwisho, kisha zuia pumzi hadi sekunde kumi ukiweza. Subiri kama dakika moja kabla ya mpulizo wa pili. Basi.

Kwa nini tunajisumbua hivi, na tembe za salbutamoli zipo kila duka? Tupige hesabu. Mpulizo mmoja ni maikrogramu 100, miwili ni 200. Tembe moja ya mtu mzima ni miligramu 4, yaani maikrogramu 4,000. Ni mara ishirini ya ile mipulizo miwili! Na yote hiyo inazunguka mwilini mzima ikitafuta kifua. Njiani inakutana na moyo, unaenda mbio. Inakutana na mikono, inatetemeka. Inasukuma potasiamu kutoka kwenye damu. Kifua chenyewe kinapata kidogo, tena kwa kuchelewa, wakati ile ya kuvuta inaanza kufungua mirija ndani ya dakika chache.

Lakini mtoto mdogo hawezi kubonyeza na kuvuta kwa pamoja, na mtu mzima aliyebanwa hawezi pia. Hapo ndipo tunapohitaji spesa, kile chombo kinachokaa kati ya inhela na mdomo, na spesa ya dukani ni ghali. Watafiti wa Cape Town walichapisha mwaka 1999 kazi iliyoonyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako na inhela ikabanwa humo bila kuvuja, iliwasaidia watoto waliobanwa na pumu sawa na spesa ya kiwandani. Chupa ya maji! Hizi tunazozifagia kila jioni stendi ya mabasi. Nitarudi kwenye chupa.

Jambo jingine la pumu. Salbutamoli inafungua mirija, haiponyi uvimbe ulio ndani yake. Ni mgeni anayeingia kwa kishindo, watu wote wanafurahi, baada ya saa nne hadi sita ameondoka. Dawa ya uvimbe ni steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni, na hiyo ni mkulima: humwoni akifanya lolote mpaka msimu ufike. Siku zinapita, pengine wiki. Mgonjwa anaiacha kwa sababu "haifanyi kazi," anabaki na ile ya kishindo. Miongozo ya kimataifa ya pumu, GINA, tangu mwaka 2019 haipendekezi tena vijana na watu wazima watibiwe kwa salbutamoli peke yake. Mweleze mgonjwa tofauti ya wawili hawa. Na akimaliza kuvuta steroidi asukutue na kutema, la sivyo utando mweupe wa kuvu utamjaa mdomoni naye atasema umemloga.

Aminofilini, dawa nyingine ya kufungua mirija, naipita haraka. Haisukumwi mshipani kama maji. Inaingia taratibu, dakika ishirini au zaidi, na kabla hujaigusa uliza kama mgonjwa ameshameza tembe za teofilini nyumbani. Ni ndugu wa damu, na wakikutana wengi moyo hupoteza mwendo na degedege hufuata. Na oksijeni ni dawa, jamani. Ina kipimo, inaandikwa kwenye chati. Mtoto ambaye oksijeni ya damu yake iko chini ya asilimia 90 mpe. Mzee aliyevuta sigara miaka arobaini na mapafu yamechoka, mwachie kati ya 88 na 92, usimjaze kama tairi.

Twende tumboni.

Hapa nina kisa ambacho wengine mmekisikia kwa njia nyingine, maana mtaani kilisimuliwa kama kisa cha majini. Binti aliyekuwa amemaliza sekondari alilazwa na malaria, anatapika kila kitu. Asubuhi akachomwa Plasil, yaani metoklopramaidi. Mchana akachomwa tena. Jioni shingo yake ikaanza kupinda. Ikapinda mpaka kidevu kikagusa bega. Macho yakapanda juu, ulimi ukatoka, anasikia kila kitu ila hawezi kusema. Mama akapiga yowe. Muuguzi wa zamu, na sitawaficha kwamba alikuwa mkubwa kwangu kazini, alirudi nyuma hatua mbili. Ndani ya dakika kumi walokole walikuwa wamezunguka kitanda, wanakemea kwa sauti.

Sista mmoja mzee, karibu na kustaafu, akaingia na miwani yake puani. Hakukemea chochote. Akasema, "Nionyesheni chati." Akasoma. Akavuta promethazini kwenye sindano, akamchoma binti. Nusu saa haikuisha, shingo imerudi, binti anaomba chai. Mchungaji akatangaza kwamba maombi yamejibiwa, na sista hakubishana naye. Alichofanya ni kuandika kwenye kadi ya binti, kwa wino mwekundu, jina la dawa na neno USIMPE.

Nini kilitokea? Metoklopramaidi inazuia kichefuchefu kwa kuziba milango ya dopamini kwenye ubongo. Ila dopamini hiyohiyo ndiyo inayosimamia utulivu wa misuli. Kwa vijana na watoto hasa, misuli ya shingo, macho na taya inaweza kukaza ghafla, mara nyingi katika siku moja au mbili za mwanzo. Kwa hiyo usimpe mtoto wa chini ya mwaka. Mtu mzima ni miligramu 10, isizidi mara tatu kwa siku, isizidi siku tano. Ya mshipani isukume polepole, dakika tatu kwa kutazama saa, si kwa kukisia. Na mwambie mgonjwa mapema: "Ukiona shingo au macho yanavutwa, niite. Ni dawa, si mtu." Maneno hayo hayana gharama, na nimeona familia zikivunjika kwa kutoambiwa. Jirani anashutumiwa uchawi, na mchawi mwenyewe yuko kwenye kasha la sindano.

Sasa alsa, vidonda vya tumbo. Hapa Busia kila mtu ana alsa. Mkikaa foleni ya malori pale forodhani mtasikia madereva wanabadilishana omeprazoli kama peremende. Mmoja alinijia analalamika kwamba omeprazoli za siku hizi ni feki. Ameimeza miezi mitatu, tumbo linawaka palepale. Nikamwambia, "Baba, nionyeshe mfuko wako." Kaka zangu, mfuko ule! Omeprazoli, ambayo alikuwa anaimeza baada ya kushiba, tena siku za maumivu tu. Magnesiamu za kutafuna. Siprofloksasini aliyopewa kwa ajili ya mkojo, anaimeza pamoja na hizo magnesiamu "ili isimuunguze". Na diklofenaki, kwa ajili ya mgongo wa dereva. Mbili asubuhi, mbili jioni.

Mnaona? Diklofenaki inatoboa tumbo, omeprazoli inaziba, yeye katikati anawalipa wote wawili. Omeprazoli inafunga pampu za asidi, na pampu hizo zinaamka chakula kinapokuja, kwa hiyo dawa itangulie. Nusu saa kabla ya chai ya asubuhi, kila siku, kapsuli nzima bila kutafuna. Magnesiamu inaishika siprofloksasini tumboni, haziachani, zinatoka pamoja chooni, na ule mkojo hauponi. Ziachanishwe: siprofloksasini kwanza, magnesiamu ingoje saa mbili. Hakukuwa na dawa feki hata moja mle. Mpangilio ndio uliokuwa feki.

Na wakati mwingine alsa ina mdudu wake. Barry Marshall, daktari wa Australia, alichoka kutoaminiwa kwamba bakteria wanaweza kuishi katika asidi ya tumbo na kuliumiza, basi mwaka 1984 akawanywa. Akaugua. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Nobel. Siwaombi mnywe chochote. Naomba mgonjwa mwenye mdudu huyo amalize antibayotiki zake mbili na omeprazoli kwa siku zote alizoandikiwa, na msimwache aondoke na omeprazoli peke yake.

Nimebakiwa na kuharisha na lishe, na hapa ndipo nataka ma-VHT wasogee mbele, maana kazi hii ni yenu kuliko yetu.

Mwaka 1971 vita vilikuwa Bangladesh, na wakimbizi walimiminika India kama tulivyoona wenzetu wakimiminika kwetu kutoka Kongo na Sudan Kusini. Kipindupindu kikawaingilia. Katika hospitali ya Bangaon, karibu na mpaka, daktari Dilip Mahalanabis akaishiwa dripu. Wagonjwa wamelala sakafuni, hana chupa wala wauguzi wa kutosha. Akachanganya chumvi, sukari ya glukosi na magadi ya kupikia ndani ya mapipa, akawaambia ndugu wa wagonjwa: chukueni vikombe, nywesheni. Si wauguzi, ni ndugu. Vifo vilivyokuwa kama asilimia 30 vikashuka mpaka asilimia 3.6.

Siri ni ndogo na ni tamu. Utumbo unaoharisha unakataa maji na unakataa chumvi, ila una mlango mmoja unaobaki wazi: glukosi na sodiamu wakishikana mikono, wanapita pamoja, na maji yanawafuata. Ndiyo maana pakiti ya ORS ina vyote viwili, na ndiyo maana kipimo chake si cha kuchezea. Pakiti moja, lita moja. Tumpeko, vile vikombe vikubwa, mbili za nusu lita, zijae.

Mama mmoja wa kijiji cha jirani alikuwa anaharishiwa na mtoto siku ya tatu, na ORS anayo. VHT, ambaye yumo humu na nimemuahidi sitamtaja, akamwambia, "Mama, nionyeshe unavyoichanganya." Mama akafungua pakiti iliyokunjwa kwa uangalifu, akachukua kwa vidole viwili, akadondosha kwenye kikombe kama anatia chumvi kwenye mboga. Anaibana, asiimalize, kwa sababu pakiti aliziona chache na watoto ni wengi. Mwingine hufanya kinyume: pakiti nzima kwenye glasi moja ili iwe "kali". Ya kwanza haisaidii. Ya pili inamkausha mtoto kwa chumvi. Na iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe, hata kama inauma.

Zinki nayo: miligramu 20 kwa siku, na 10 kwa mtoto wa chini ya miezi sita, siku kumi hadi kumi na nne. Kuharisha kutakoma siku ya tatu, mama atazificha zilizobaki kwa ajili ya safari ijayo. Mwambie kabla hajafika nyumbani kwamba zile za mwisho ndizo zinazolinda utumbo usirudie.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu yote niliyosema yanageuka mtoto akiwa na utapiamlo mkali. Umeona mtoto amevimba miguu, nywele zimekuwa nyekundu, hana hamu ya kula. Moyo wake umechoka, figo zimechoka, mwilini ana chumvi nyingi na potasiamu kidogo. Ukimfungulia dripu kwa huruma, huruma yako itamzamisha. Asipokuwa kwenye mshtuko, anyweshwe taratibu, na kama tuna ReSoMal, ile ORS ya utapiamlo yenye chumvi kidogo, ndiyo yake. Maziwa ya F-75, kidogo kidogo, kila saa mbili au tatu, usiku na mchana. Na ukimwona mweupe viganjani, mkono wako utatamani kumpa madini ya chuma. Uzuie. Katika siku za mwanzo mwili wake hauna walinzi wa kuyashika, na chuma kinachozurura kinawalisha vijidudu. Kingoje mpaka arudishe hamu ya kula na kilo zianze kupanda. Akihamia kwenye ile siagi ya karanga ya pakiti, chuma kimo ndani tayari.

Hiyo pakiti ni gramu 92, kalori 500. Ni dawa yenye ladha ya sherehe, na hapo ndipo shida ilipo. Mtoto haongezeki kilo, mama anaapa anampa zote. Hadanganyi. Anampa, halafu anawapa na hawa wawili wanaomtazama mdomoni. Wewe ungefanyaje? Nionyeshe pakiti tupu, mama, wiki ijayo uje nazo. Ukija na tatu badala ya kumi na nne, sikugombezi, naongea nawe juu ya chakula cha hao wengine.

Chuma cha wajawazito kina neno lake moja: choo kitakuwa cheusi. Mwambie. Nimewaona wanawake wakizitupa wakidhani wanavuja damu ndani. Na chai iachane nazo saa moja au mbili, kwa sababu majani ya chai yanakamata chuma kabla hakijaingia. Chungwa, sawa. Chai, hapana. Najua ninaowaambia ni Waganda na Wasamia wanaoanza siku kwa chai, lakini hapana. Vitamini A tunayowapa watoto Aprili na Oktoba mnaijua kuliko mimi, naipita. Isoniazidi ya kifua kikuu inaiba vitamini B6, yaani piridoksini, kwa hiyo mgonjwa akisema nyayo zinawaka moto, usimwambie abadilishe viatu. Muulize: "Nionyeshe dawa zako, piridoksini iko wapi?"

Naona chai imeshaletwa, na mnaninyamazia kwa adabu. Kabla ya chai, tokeni nje kwenye kivuli. Kuna gunia la chupa za nusu lita, jiko la mkaa na vipande vya waya. Waya upate moto, uzungushe kitakoni mwa chupa kufuata mdomo wa inhela, tundu lisizidi hata nywele. Chupa zimeoshwa kwa sabuni zikaachwa zijikaushe zenyewe. Msizifute kwa kitambaa, plastiki iliyofutwa inashika dawa kwenye kuta zake. Kila mmoja atengeneze mbili, moja ya kituo na moja ya mtoto mmoja mnayemfahamu kwa jina. Nitakuwa nimekaa pale mwembeni. Ukimaliza, njoo unionyeshe.